Melanji ya Bukavu

Watu wa Kamembe waliijua pikipiki ya Protais kabla ya kumjua Protais mwenyewe. Wahenga husema kizuri chajiuza, lakini Protais hakuwangojea wahenga. Ukimsalimia tu, tayari ameshafika kwenye injini: silinda moja, cc themanini, mipigo miwili, hupozwa kwa maji, gia sita, breki ya diski mbele, uzito kilo tisini, mwendo kilomita mia na kumi kwa saa, ingawa hakuna barabara ya Kamembe iliyowahi kumwona akiufikia. Usukani ulikuwa chini, mtindo wa mashindano, naye aliinama juu yake kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

Alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mpaka, baba yake akiwa mkimbizi huko, akarudi Kamembe mwaka wa 1994, katika nchi aliyoijua kwa masimulizi ya baba yake tu. Baba mwenyewe hakuwahi kurudi, alizikwa ng'ambo. Mama yake, Nsimire, Mushi wa damu, mwenyeji wa huko, alibaki Nguba, mtaa wa Bukavu, upande ule wa daraja la mpaka, karibu na kaburi la mumewe. Vita vilipoingia Bukavu mwishoni mwa 1996, Protais alikonda kwa wasiwasi. Tangu hapo alitaka jambo moja, mama ahamie kwake. Mama naye alikuwa na jibu moja, kwamba Kamembe ni mbali.

Mwaka uliofuata alikubali kuja walau kuiona nyumba. Protais akaona mambo yameiva: akipanda pikipiki ile, mama hatasema tena mbali.

Sasa, injini ya mipigo miwili haitaki petroli tupu. Lazima ichanganywe na oili, la sivyo chuma hula chuma. Nyumbani Protais alichanganya mwenyewe, ila siku ya kumchukua mama, kwa furaha, alivuka na tangi karibu tupu. Pale Nguba akamkuta mama mmoja anauza petroli ya chupa, akamuuliza kama ni melanji. Yule mama akasema ndiyo, ni melanji, na wala hakumdanganya. Kwa Protais melanji ni petroli na oili. Kwa wauzaji wa Bukavu, tangu vita viadimishe mafuta, melanji ilikuwa petroli iliyoongezwa mafuta ya taa ili iwatoshe wengi.

Walivuka daraja vizuri, Nsimire amefumba macho, rozari mkononi. Katikati ya mlima injini ikalia vibaya, gurudumu la nyuma likakwama, wakasimama. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania ndani ya silinda. Protais alitaka kulia, nami simlaumu, maana pistoni hununuliwa, lakini mama alikuwa amepata ushahidi kwamba Kamembe ni mbali.

Wakaitoa gia, wakaanza kusukuma, mwana mbele, mama nyuma. Njiani walipishana na wanawake wa Bukavu wanaoteremka kutoka sokoni Kamembe na vikapu vitupu, wakamsalimia Nsimire kwa Kimashi. Akasimama nao, akauliza habari za watoto, akacheka. Mmoja alikuwa jirani yake wa kanisani. Walipofika Kamembe, Protais ndiye aliyehema.

Nsimire alikagua nyumba, akakisifu chumba alichotayarishiwa, akagusa shuka mpya. Kisha akaketi.

“Mutoto yangu, kama moto yako ingetufikisha, ningeendelea kusema ni mbali,” alisema, maana kwao pikipiki huitwa moto. “Sasa nimetembea, nimeona ni karibu. Kwa hiyo sitahama. Nitakuwa nakuja, nitakuwa narudia kwa kaburi ya papa yako.”

Protais akaanza kuahidi pistoni mpya. Mama akamshika mkono.

“Kila mara unakuyaka kwangu na ile moto, hauizimi hata. Unanipa sukari pale mulangoni, unaenda. Kuya na miguu, Protais. Utaikala kidogo, tutaongea.”

Protais aliona aibu, kwa sababu ilikuwa kweli. Alijaribu kukumbuka ni lini alikunywa hata chai nyumbani kwa mama yake, akashindwa.

“Ndiyo, Maman,” akasema.