Dirisha la Kutazama Milima

Tulipoanza kujenga nje kidogo ya mji wa Voi, nilimwambia mume wangu kwamba mimi nataka kitu kimoja tu: dirisha kubwa sebuleni, linalotazama milima. Nililelewa Mwanda, huko huko milimani, katika nyumba yenye vidirisha vidogo vya kukinga baridi na ukungu, ambamo tuliwasha taa mchana ili tusome. Niliapa kwamba nyumba yangu itakuwa na mwanga.

Fundi alitazama upande niliouonyesha, kamba yake ya kupimia mkononi. "Mama, huko ndiko jua linakotua. Na hapa ni Voi."

"Nitaweka pazia," nikasema.

Mume wangu alijua nimeshaamua.

Dirisha likawekwa, kioo karibu ukuta mzima. Asubuhi ya kwanza milima ilionekana hadi miti yake, na nikajiona nimefika. Kufikia saa tisa mchana sebule ilikuwa tanuri. Nikanunua pazia zito. Likazuia jua, likazuia na milima. Nikahamisha makochi yakawa upande wa mlango, wiki iliyofuata nikayarudisha. Nikabadilisha rangi ya kuta. Nikatoa zulia. Watoto wakirudi kutoka shule waliuliza leo watakaa wapi. Hata kazini, nikiwa mbele ya kompyuta, kichwani nilikuwa nasukuma meza.

Kisha mama yangu akashuka kutoka Mwanda kuja kutibiwa magoti. Nilimwekea kiti kizuri kabisa mbele ya dirisha. Siku ya tatu nilirudi mapema nikakuta sebule tupu. Nikamtafuta chumbani, nikamtafuta uani. Nikamkuta kwenye ujia mwembamba kati ya jikoni na stoo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anachambua maharagwe.

"Mama, unakalia ndoo na viti vipo?"

"Hapa kuna upepo, mwanangu."

"Kwani sebuleni ni pabaya?"

Alitoa mawe mawili matatu kwenye ungo kabla ya kujibu. "Si pabaya. Ni pazuri kutazama. Lakini tangu nije sijakuona umekaa pale. Unasimama tu, unahamisha vitu."

Iliniuma. Nilitaka kumwambia kwamba aliyetulea gizani hawezi kunifundisha mambo ya nyumba. Nikalimeza neno hilo, nikaketi sakafuni karibu naye. Kweli, upepo ulipita, ukitokea upande wa pwani, upande ambao mimi nilikuwa nimeuziba kwa ukuta mtupu.

"Sasa nifanye nini?"

"Mimi sijui kujenga. Si mlikuwa na fundi?"

Jumamosi nikampigia fundi simu. Alikuja, na hakunicheka. Aliliziba dirisha kuanzia chini hadi nusu, akatoboa ukuta wa upande wa pili na kuweka matofali yenye matundu, na ule ujia akaupanua ukawa baraza ndogo yenye kivuli. Tulikula vumbi la simiti siku tano. Siku ya kutoa kioo nilijifungia chumbani nikalia kidogo, sijui kwa ajili ya kioo au kwa ajili ya ukaidi wangu.

Nyumba ikapoa. Watoto wakaanza kufanyia kazi zao za shule barazani, na milima tukabaki kuiona vilele tu. Mama alikaa wiki mbili zaidi, kisha akasema mvua inakaribia na shamba lake halijapandwa. Nikambembeleza abaki, maana sasa pana pa kukaa.

"Nimepaona, na ni pazuri," akasema huku akifunga leso yake. "Lakini mimi nimezoea baridi yangu."

Nilimsindikiza hadi stendi. Gari lilipoondoka nilibaki nimesimama pale, sina hamu ya kurudi nyumbani, maana aliyenionyesha pa kukaa hayupo tena barazani. Mwishowe nikarudi kwa miguu, kwa njia ndefu.