Jina Nililoandika kwenye Mashua ya Baba Mdogo

Mniwie radhi kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu hulala upande mmoja kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na kuna maneno ambayo mpaka leo sijui kama yana s au z. Naandika polepole, mstari mmoja kabla ya chai na mwingine baada yake. Lakini kwetu, ufukweni mwa ziwa karibu na Sindo, mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa mashua, na kwa hilo mtaona wenyewe tulikuwa na hali gani.

Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba, na kwa sababu mimi si msemaji. Watu walipenda mwandishi asiyeuliza maswali. Mtu alikuja na kopo la rangi iliyobaki baada ya kupaka madirisha ya kanisa, akaniambia jina, nami nikaliandika ubavuni mwa mashua kwa brashi ya manyoya ya mbuzi. Karibu majina yote yalikuwa ya Kiswahili. Kijaluo tulikitumia kuvua, kugombana na kumwomba Mungu, lakini mashua yenye jina la Kijaluo, watu walisema, inaonekana kama haijawahi kufika Homa Bay.

Ilikuwa miaka ya kwanza ya Uhuru, kwa hiyo mashua tatu ziliitwa UHURU. Ya kwanza ilivuja. Ya pili haikuwa na makasia. Ya tatu ilikuwa na kila kitu, ila mwenyewe hakutaka mtu mwingine akae ndani. HARAMBEE ilikuwa ya mzee mmoja ambaye hatukuwahi kumwona ameshika kamba ya wavu. Yeye alisimama kando akiimba ili wengine wavute. Msabato mmoja aliiita yake PUMZIKA. Jumamosi alikwenda kanisani, mashua akamwachia shemeji yake Mkatoliki. Jumapili shemeji akaenda misa, Msabato akaichukua. Wote wawili walipumzika kama Mungu alivyoamuru. Mashua yenyewe sikuwahi kuiona imelala mchangani.

Kulikuwa pia na MNASEMAJE, ya mvuvi mmoja aliyechoshwa na maneno ya watu. Jirani yake alikuwa na duka la mafuta ya taa na hakujua hata kuogelea, lakini alinunua mashua siku chache baadaye akaniambia niandike TUNASEMA. Ile haikuvua hata omena mmoja, yule dagaa wetu mdogo. Ilinunuliwa ili kujibu.

Ndivyo tulivyoishi. Neno ambalo mtu hakuweza kumwambia mwenzake usoni, mashua yake ililisema, na kama mwenzake alikasirika, agombane na mbao.

Baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, alikuwa hodari kwa mambo hayo. Alipooa mke wa pili, mwaka uleule alinunua mashua akaniamuru niandike AFADHALI HII. Aliapa mbele ya wazee kwamba alikuwa akizungumzia mbao tu. Mke wake wa kwanza, ambaye sisi humwita mikayi, hakubishana. Alikuwa ameuza samaki Homa Bay kwa miaka mingi, alijua kusoma, na Kiswahili chake cha sokoni kilikuwa safi kuliko chetu cha shule. Alisoma jina mara moja, akakunja nguo zake, akarudi kwa kaka zake karibu na Rodi Kopany.

AFADHALI HII ilivunjika kwenye mawe kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyecheka mbele ya baba mdogo. Tulicheka nyuma ya nyumba.

Akaagiza mashua mpya, na hapo ndipo shida ilipoanza. Kwetu mashua mpya ni bibi harusi. Hutolewa kwa seremala kwa nyimbo, na mikayi wa boma ndiye anayempokea: anamnyunyizia unga, anamkaribisha nyumbani, ndipo anaingia majini. Asipopokewa, hakuna mvuvi atakayetia mguu ndani. Mke wa pili hawezi kazi hiyo. Bibi harusi gani atampokea bibi harusi?

Basi mashua ikakaa mchangani wiki tatu. Jua likaanza kuzifungua mbao. Seremala alikuja akapigilia kipande cha bati juu ya ufa, akasema, "Mkiiacha wiki nyingine, itakuwa kuni za kupikia." Katika boma la baba mdogo watoto walikuwa wanakula ugali kwa mboga tu, nyumba imeangalia ziwa.

Wazee walitumwa Rodi Kopany. Kaka zake mikayi wakajibu: dada yao atakuja siku moja tu, na kaka mmoja atafuatana naye. Ataangalia kwa macho yake. Akiridhika atabaki. Asiporidhika atarudi na kaka yake jioni ileile, na asitumwe mtu tena.

Siku mbili kabla, baba mdogo alinijia na kopo la rangi.

"Mwanangu, kuna neno nataka mashua iseme."

"Ndiyo, baba."

"Lenyewe mwanamume hawezi kulisema. Mbao inaweza." Akatazama nyuma yake, kisha akaninong'oneza sikioni: "Nisamehe."

Hapa lazima niwaeleze juu ya mwalimu wangu. Ulimi wetu wa Kijaluo hauna z. Tukitaka kusema kazi tunasema kasi, na mzee kwetu ni msee. Mwalimu wetu wa Kiswahili alituchapa kwa jambo hilo miaka minne, mwishoni akatupa kanuni moja: "Mkisikia s katika vinywa vyenu, mjue nyuma yake kuna z imejificha." Kanuni hiyo niliishika kama amri ya Mungu. Basi niliposikia lile neno la baba mdogo, niliitafuta z, nikaipata, nikaitoa mafichoni.

Niliandika asubuhi nzima. Nilipofika kwenye bati, rangi ilikataa kushika, kwa hiyo nikaliruka nikamalizia upande wake wa pili. Baba mdogo, ambaye hakujua kusoma, alirudi nyuma hatua tano akatikisa kichwa kwa furaha. "Zina nguvu," alisema juu ya herufi zangu.

Mikayi alifika Alhamisi, jua likiwa utosini, na kaka yake nyuma amebeba mwavuli. Ufukwe mzima ulikuwepo. Kila mtu alisema amekuja kutengeneza wavu. Wavuvi wanne wa baba mdogo, ambao hakuna aliyewahi kukaa darasani, walisimama na makasia yao tayari.

Mikayi hakusalimia mtu. Aliizunguka mashua kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari. Akagusa bati. Akarudi mbele, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza.

"Nizame," alisoma. Yeye aliijua z, ilivuma kama nyuki. Kidole kikavuka bati kikafika upande wa pili. "He!"

Ndipo nilipoona nilichoandika. NIZAME, halafu bati, halafu HE. Miguu yangu ilitaka kuondoka bila mimi.

"Nani ameandika hii?"

Watu wote walinigeukia. Baba mdogo naye akanigeukia, kana kwamba hajapata kuniona.

"Ni mimi, mama."

"Soma basi, nisikie."

Sauti yangu ilitoka kwa ulimi niliozaliwa nao. "Nisamehe," nilisoma.

Alinitazama, akaitazama mbao, akanitazama tena. "Rudia."

"Nisamehe, mama."

"Umemsikia?" alimwuliza baba mdogo. "Mtoto ameweza. Mara mbili, mbele ya watu, na hakuanguka."

"Hilo ni jina la mashua," baba mdogo alisema.

"Soma na wewe."

"Mimi sijui kusoma."

"Jina la mashua yako hulijui?"

Mvuvi mmoja alikohoa. Kaka yake mikayi akaanza kufungua mwavuli, kama mtu anayejiandaa kwa safari. Baba mdogo aliangalia ziwa, akaangalia mbao zilizokuwa zinafunguka, akaiambia mashua: "Nisamehe."

"Unaiambia mbao? Mbao umeikosea nini?"

Akageuka. Sijawahi kumwona mtu akigeuka polepole namna ile. "Nisamehe," alisema, safari hii akimtazama yeye.

Mikayi aliyatazama tena maandishi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa mashua. "Haya. Ya mdomo nimesikia, na ya mbao nimesoma. Ya mdomo nimeisikia kwa wanaume wengi pale sokoni, ni bei rahisi. Lakini mwanamume anayeandika kwa rangi nyeupe kwamba anataka kuzama, mbele ya ukoo mzima, huyo nitakaa nimwangalie."

"Kuzama?" baba mdogo aliuliza. "Kuzama gani?"

"Muulize mwandishi wako. Na jina hili asiguse mtu."

Alimtuma mtoto mmoja wa boma alete unga, akainyunyizia mashua kutoka mbele mpaka nyuma, akaikaribisha kwa maneno yote yanayotakiwa, hata yale ya heshima. Kaka yake alifunga mwavuli akaomba chakula.

Wavuvi wanne walikuwa wamesikia nisamehe mara nne kwa masikio yao, nao walijua tu kusikia. Walisema ni jina zuri, jina la Kikristo. Nilitaka kuwaambia. Nilifungua mdomo kabisa, lakini mimi na maneno mbele ya watu hatupatani, na tayari walikuwa wanaisukuma. Iliingia majini, ikayumba, ikasimama sawa.

Mikayi alibaki ufukweni mpaka waliporudi na samaki, akiwa amekunja mikono. Baba mdogo aliniambia kwamba mikayi alikuwa anawaombea wavuvi. Mimi nilikuwa karibu na mikayi kuliko yeye, na sina hakika.

Sasa ninaomba jambo moja. Kama unasoma haya na mahali pako kuna mto au ziwa, niandikie barua. Niambie mashua za huko zinaitwaje, ni nani aliyeandika, na ni nani aliyekasirika. Andika hata kwa penseli. Nitakujibu, ila utanisubiri kidogo.