Joho la Kishindo

Mama fundi ana maneno mawili ambayo wateja wake wote wanayajua. Akishampima mtu kiuno anasoma namba kwa sauti, halafu anajinong'oneza, "Toa kumi." Tepu yake haina mwanzo. Zamani pasi iliunguza ncha, akakata inchi kumi za kwanza, na kwa vile ilikuwa ya mama aliyemfundisha kushona, hakuwa na moyo wa kuitupa. Basi mwenye kiuno cha thelathini anasomewa arobaini, na wateja wageni huruka kwa mshtuko kabla hawajaelezwa. Kitambaa hakipimi kwa tepu hiyo. Anakikatia juu ya meza ambayo ukingo wake ameuchora kwa msumari, inchi moja moja. Tepu kwa mtu, meza kwa kitambaa, ndivyo alivyofundishwa na ndivyo atakavyozeeka.

Mumewe ni Kishindo. Jina alilopewa na wazazi wake mtaa mzima umelisahau, na yeye mwenyewe ukimwita kwa jina hilo hageuki haraka. Kwa miaka sita, kila Jumapili alasiri, alikuwa shujaa wa televisheni: mtu mfupi mwenye joho jekundu anayekuja mbio kuokoa watu, na hapohapo mlango unambana joho, au analikanyaga mwenyewe na kwenda chini puu! Mwizi alikamatwa hivyohivyo, ila Kishindo akiwa chali. Watu walivunjika mbavu. Siku hizi ana miaka sabini na mbili, na kazi yake ni kushona vifungo kwenye kiti cha dirishani, dukani kwa mkewe. Wapita njia humpungia mkono, naye hujifanya anaanguka kutoka kitini.

Sasa, kituo cha televisheni kikatangaza kwamba Kishindo anarudi, mpya kabisa, na mwigizaji mwingine. Kipande cha dakika moja kikazagaa kwenye simu. Kijana ana kifua kama mlango wa kabati. Anaruka kutoka ghorofani, anatua wima bila hata kuyumba, na joho lake linaishia kiunoni.

Basi, mashabiki! Ungedhani kuna aliyefariki. Muuza nyama wa jirani aliingia na aproni yake, akavuta kigoda, akaketi kabisa.

"Mzee Kishindo, pole sana. Wametuharibia mtu wetu."

"Mimi mzima, bwana," mzee akamjibu.

"Najua. Lakini pole."

Jioni alikuja mwalimu, binti wa mdogo wake mama fundi, ambaye hupitia pale kila akitoka shuleni. Akafungua simu, akaanza kuwasomea maneno ya watu huku akicheka peke yake.

"Sikieni huyu. 'Joho fupi namna hiyo ataliangukia vipi?' Na huyu: 'Utotoni nililazwa miezi miwili. Kishindo akitokea nasahau sindano zote. Msimguse.' Huyu mwingine: 'Nyie wazee mmezidi, mwacheni kijana wa watu.' Na huyu anasema, 'Kwani yule mzee naye alijua nini zaidi ya kuanguka?'"

Mwalimu alifunga mdomo, ila neno lilikwisha toka.

"Baba mkubwa, huyo ni mjinga tu."

"Si mjinga," mzee alisema. Sindano ilikuwa imesimama katikati ya kifungo. "Huyo ndiye anayesema kweli."

Kesho yake hakukaa dirishani. Aligeuza kiti kikaelekea ukutani, na mtu akipunga mkono nje anapunga bure. Vifungo alivyoshona siku hiyo mama fundi alivifumua vyote kimyakimya. Chai yake ilipoa mara tatu. Mama fundi alijiambia ni wivu, utapita, maana hata shujaa ana haki ya kununa.

Lakini kelele za mashabiki zilifika mbali. Wiki ya pili kituo kikapiga simu. Wanamtaka mzee kwenye sehemu ya kwanza, aonekane mara moja tu na joho refu kama lile la zamani, ambalo lilikwisha liwa na nondo. Mama fundi, aliyelishona lile, je, angekubali kushona jingine? Aliweka simu chini meno yote nje, akaenda nyuma kumpa mumewe habari.

"Siendi," mzee alisema.

"Huendi? Watu wote hawa wanakulilia!"

"Wananililia nikaanguke." Alikuwa akikiviringisha kifungo kati ya vidole. "Sikiliza, mke wangu, sijawahi kukwambia. Mimi nilikwenda pale kuomba kazi ya shujaa. Shujaa wa kweli. Mchezo haukuwa wa kuchekesha. Nilifanya mazoezi mwezi mzima mbele ya kioo. Siku ya kwanza nikavalishwa joho refu kuliko mimi. Mwongozaji alikiona kimo changu, akasema moyoni huyu ni wa kuchekwa tu. Akaona haya kuniambia usoni, akaagiza joho."

"Nani kakwambia aliagiza?"

"Lile joho lenyewe ndilo liliniambia."

Mama fundi alitafuta pa kukaa. Miaka thelathini na minne ya kula sahani moja, kumbe mwenzake amebeba jiwe hili, na aliyemtwisha ni yeye. Kuna fundi atakayekubali kwamba alikosea kukata? Atasema kitambaa kilisinyaa, atasema mteja kanenepa. Naye siku ile mzee alipokanyaga joho akaanguka, watu wakacheka hadi machozi na mwongozaji akapiga kelele, "Liacheni hivyohivyo!", alimshukuru Mungu wake, akafyata mdomo. Aliona aibu imegeuka bahati. Hakujua kwamba kwa mtu mmoja ilibaki palepale.

Alikwenda kabatini, akafukua daftari za vipimo hadi ya chini kabisa, ile iliyokwisha kuwa njano. Akaifungua juu ya magoti ya mumewe.

"Soma hapo. Joho, urefu."

"Hamsini na sita."

"Mwongozaji alitaka lifike juu kidogo ya vifundo vya miguu. Arobaini na sita." Aliivuta tepu shingoni. "Sikutoa kumi."

"Kumi gani?" mzee aliuliza.

"Nilikupima kwa tepu, nikaandika nilivyosoma, nikaenda kukata mezani. Hakuna aliyeagiza. Ni mimi."

"Wewe? Wewe hujawahi kusahau kutoa kumi. Hata ndotoni unatoa kumi."

"Nimesahau mara moja maishani mwangu. Ulikuwa umesimama mbele yangu umenyoosha mgongo, umebana pumzi ili uonekane mrefu. Nikakuonea huruma, halafu huruma ikageuka kitu kingine. Hesabu zote zikaniruka kichwani." Sasa alikuwa akilia bila kujificha. "Nisamehe. Niliona aibu ya ufundi wangu, sikujua inakuuma."

Mzee alipitisha kidole juu ya ile namba, mbele na nyuma.

"Kwa hiyo walinichagua niwe shujaa."

"Na ulikuwa shujaa, mpaka ulipolikanyaga."

Kwanza mabega ya mzee yalitikisika, mkewe akadhani naye analia. Kumbe ni kicheko, kile cha Jumapili, kilichokuwa kikimtoka kamera zikishazimwa. Muuza nyama alikisikia ng'ambo ya ukuta, akagonga kuuliza kama kuna heri.

"Simama nikupime," mama fundi alisema, akifuta macho kwa ncha ya tepu.

Mzee alisimama. Akanyoosha mgongo, akabana pumzi.

"Hamsini na tano. Umepungua inchi moja, mume wangu." Akachukua penseli. "Toa kumi..."

Mzee aliushika ule mkono wenye penseli.

"Usitoe," akasema.