Lusia, fundi mitambo aliyeishusha sauti ya mama yake

Saa tatu na robo asubuhi, katika ua wa nyumba moja ya Kambarage, Shinyanga mjini, Lusia Mihayo anavuta kamba ya jenereta. Inagoma mara tatu, ya nne inakubali. Umeme upo, redio ya jirani inaimba, na bado yeye anachoma petroli.

"Mama Loveness, umepata mgodi nini?" jirani anamtania kutoka ng'ambo ya ukuta.

Lusia anacheka bila kugeuka. Mezani mbele yake kuna visanduku viwili vya chuma vilivyofika jana kwa basi kutoka Geita. Kabla ya Jumamosi lazima achague kimoja, kingine kirudi kilikotoka.

Mafundi mitambo ya sauti huviita spliti. Kazi yake ni kuichukua sauti ya maiki na kuigawa njia mbili: moja iende kwenye mikisa, yaani mtambo wa kuchanganyia sauti, na spika za uwanjani, nyingine iende kwenye kinasa sauti. Ukishusha huku, kule haishuki. Lusia, mwenye umri wa miaka 43, alifanya kazi hii miaka mingi bila kujua kama kuna kitu cha namna hiyo, na kutojua huko kulimgharimu kitu kisichouzwa dukani.

Mwaka 2015, baada ya mavuno, vikundi vya ngoma vilishindana Kagongwa. Mama yake, Mbuke, alikuwa ningi, yaani muongoza wimbo. Lusia alikuwa kwenye mikisa.

"Spika zikaanza kupiga mluzi. Meza kuu wakaziba masikio, mshereheshaji akaninyooshea mkono, shusha, shusha! Nikashusha maiki ya mama," anasimulia. "Mama mwenyewe hakuhitaji maiki, uwanja mzima ulimsikia. Kinasa sauti ndicho hakikumsikia, maana kilikuwa kinakula sauti kwenye mikisa hiyo hiyo. Nilimshusha kwa mkono wangu huu."

Mbuke alifariki masika yaliyofuata. Matanga yalipokwisha, Lusia alijifungia chumbani na kuufungua wimbo ule.

Ulikuwa wimbo wa mama mwenyewe. Ndani yake anaiuliza barabara ya Geita habari za mtu aliyekwenda kuchimba dhahabu, na kikundi kinamwitikia, "Bado, mama, bado." Aliyekwenda ni mumewe, baba yake Lusia, ambaye hajarudi hadi leo. Kila alipouimba Mbuke alitunga maswali mapya. Lakini kwenye kinasa sauti maswali hayapo. Kuna ngoma, kisha pengo, kisha watu wanaitikia: bado, mama, bado.

"Ukitega sana sikio, nyuma ya ngoma kuna mtu kama anaita kutoka ng'ambo ya mbuga. Ndiye. Ila maneno huyapati," anasema, na macho yanamjaa. "Picha zake ninazo, kitenge chake ninacho. Hamu yangu ni kumsikia. Mpaka leo nikifika kwenye lile pengo naongeza sauti, kana kwamba safari hii atatokea."

Anayeyakumbuka maswali ya siku ile ni mmoja tu, Mzee Jilala, mwenye umri wa miaka 78, aliyekuwa kiongozi wa waitikiaji. Jumamosi hii amekubali kuuongoza wimbo wa Mbuke uwanjani Kagongwa. Kifua kinamsumbua, naye amekwisha kusema kwamba mwakani atabaki nyumbani na ng'ombe wake.

Ndiyo maana Lusia hataki kubahatisha. Mwaka jana alibahatisha, akanunua waya wenye mdomo mmoja na mikia miwili kwa Sh15,000. Harusi nzima ikanaswa pamoja na mvumo kama wa mzinga wa nyuki.

"Uwanjani spika zinatumia jenereta, kinasa sauti kinatumia umeme wa nyumba ya jirani. Vikikutana kwenye waya mmoja vinagombana," anaeleza. Kumbe petroli ya leo haikuwa ufahari: anavijaribu visanduku katika ugomvi huo huo wa uwanjani.

Kisanduku kikubwa kinapokea maiki nane na kinauzwa Sh300,000. Kidogo kinapokea maiki moja tu, ni kizito kama tofali, na bei yake ni Sh280,000. Kwa shughuli moja Lusia hulipwa Sh150,000, na akishatoa petroli, gari na wabebaji hubaki na kama Sh50,000. Kwa kile kikubwa angenasa kwaya nzima na kujiongezea kazi. Fedha aliyoweka inatosha kimoja.

Saa nne Mzee Jilala anaingia, kofia mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu." Anazitazama nyaya zilivyotapakaa. "Kwani mnanipima kama pamba?"

Lusia anaanza na kisanduku kikubwa, mzee anaimba. Sauti inapanda vizuri, Lusia anatikisa kichwa kwa furaha. Lakini Jilala, kama alivyofanya Mbuke, akifika mwisho wa swali huishusha sauti mpaka inakuwa kama mtu anayesema peke yake. Hapo mvumo mdogo, ambao harusini hakuna ambaye angeujali, unalimeza neno la mwisho.

Lusia anahamisha waya kwenye kidogo. Safari hii inasikika pumzi ya mzee, kikohozi, kisha neno lote mpaka mwisho.

Anampigia Enock, fundi mwenzake wa Geita anayeviuza.

"Dada, chukua ya nane, biashara ni wingi," Enock anamsihi. "Hiyo ndogo utamnasa nani, mtu mmoja?"

"Ndiyo," anajibu Lusia. "Mtu mmoja."

Kabla ya kuondoka, Jilala anaomba asikie wimbo wa mwaka ule. Anavaa visikizi, anafumba macho. Pengo linapofika, anauliza kwa sauti ndogo swali la Mbuke, neno kwa neno: we barabara, uliyemchukua na jembe, mbona unarudisha vumbi tu? Lusia anaegemea ukuta na kulia.

"Usilie, si yeye," anasema mzee akivua visikizi. "Mimi nimemshikia nafasi tu."

Lusia anajifuta kwa upindo wa kanga, anazima jenereta na kuanza kukunja waya. Akifanikiwa Jumamosi, anataka kuwafuata maningi wengine waliobaki, mmoja mmoja, mpaka Nkome kandokando ya ziwa, kabla hawajanyamaza.

"Mshereheshaji akininyooshea mkono nishushe, nitaishushia meza kuu. Upande unaomnasa mzee sigusi," anasema. "Nataka wajukuu wa Mbuke wasikie bibi yao aliuliza nini. Jibu wanalo tayari, limenaswa."