Kuchi wa Bibi Leokadia

Mwanangu, umekuja kuniomba kuku kuchi wa mbegu safi. Kabla sijalifungua banda, nakumbuka siku moja kule Murusagamba, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka kutoka Burundi. Nilikuwa bwana mifugo mpya, cheti cha chuo bado kinanukia wino.

Bibi Leokadia alikuwa amebakiwa na kuchi jike mmoja tu, tena mzee: mrefu, shingo wima, upanga mdogo wa nyama nyekundu umelala kichwani. Jogoo hakuwa naye. Ndipo akampokea nyumbani kwake Mzee Sabiti, mkimbizi aliyevuka mpaka na jogoo kuchi kwapani. Njiani familia yake ilishinda njaa, na jogoo yule hakuchinjwa. Wakati ule nilimwona mzee kuwa mpumbavu. Leo namvulia kofia.

Muda ulikuwa mfupi. Wiki iliyofuata lori lingewahamishia wakimbizi kambini, na jike yule huenda alikuwa karibu kukoma kutaga. Jogoo alikuwa bado akipumzishwa jikoni baada ya safari. Mimi niliamini maendeleo ni mayai makubwa. Jumapili, Bibi akiwa kanisani, nilimwingiza bandani jogoo wangu mweupe wa kisasa. Naapa nilidhani namsaidia.

Aliporudi nilimsalimu, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, bwana mifugo. Chuoni walikufundisha kuingia banda la mtu akiwa anasali?"

Akamtoa jogoo wangu kwa mabawa, akanikabidhi.

"Mayai ya wiki tatu zijazo ni ya kula," alisema. "Mbegu ya huyu wa kizungu wako bado imo tumboni mwa jike. Haliatamiwi hata moja."

Jambo hilo lilikuwamo kwenye daftari langu la chuo, mwanangu. Yeye alilijua kwa kutazama kuku wake maisha yake yote. Lakini wiki tatu hatukuwa nazo. Lori lingeondoka na jogoo.

Mzee Sabiti, aliyekuwa akimenya mihogo, hakuinua hata kichwa. "Jogoo abaki," alisema. "Mimi nitatangulia. Mtetea wa kwanza mniletee."

Alikuwa hana kitu kingine duniani.

Bibi alisubiri. Mayai ya wiki tatu tuliyala na ugali. Kisha akamwingiza bandani jogoo wa Mzee Sabiti; jike akataga tena, machache, akaatamia. Mtetea wa kwanza alipokomaa, nilitumwa mimi kumpeleka kambini kwa baiskeli. Mzee Sabiti alimpima miguu kwa vidole, akamtazama jicho, akacheka.

"Binti wa jogoo wangu huyu! Bwana mifugo, safari hii hukutia mkono wako."

Kuchi unaowaona humu ni uzao wa kuku wale. Basi nakuusia: ukitaka kuku bora, usitazame ukubwa wa jogoo sokoni, nenda kamwone mama yake, umjue na aliyemlea. Usiyemjua mzazi wake usimchanganye na wako. Ukiwa na shaka, kula mayai, subiri. Na mtetea wako wa kwanza mpe jirani mwaminifu, ili banda lako likiangamia, mbegu iwe hai kwake.

Chukua hawa wawili. Mungu akujalie mkono mpole na subira ya Bibi Leokadia, na vifaranga visikauke uani kwako.