Mikono ya Mwalimu Perpetua

Harufu ya nta nyekundu ya sakafu ikinipata popote, hata leo na uzee huu, namwona mama amepiga magoti katika chumba chetu cha mtaa wa Ziwani, jijini, anasugua sementi kama ana ugomvi nayo. Kila Jumamosi sisi watoto tulifukuzwa nje mpaka sakafu ikauke, na jirani yetu wa kutoka Murang'a akipita mlangoni alimwambia mama hata kanisani hakung'ai hivyo. Mama alipenda sana kusikia hayo. Basi Jumamosi moja, nta bado mbichi, mtu akaingia akakanyaga katikati kabisa. Alikuwa Okoth, mtoto wa shangazi yangu, na matope ya kijijini bado kwenye nyayo. Mama hakumfokea. Mtoto aliletwa asome.

Mimi mwenyewe shule niliiacha mapema, kwa hiyo msinitegemee kwa maneno makubwa. Lakini hesabu za Okoth nilizijua. Pale soko la Jericho alikuwa anamaliza kugawa rundo la machungwa kichwani kabla muuzaji hajafungua mfuko. Shida ni kwamba shuleni hesabu zilisomwa kwa Kiingereza, naye Kiingereza hakuwa nacho hata cha kuombea maji. Wakamtia darasa la wadogo, nao wadogo wakambandika jina Mzee. Mwaka wa kwanza akaanguka, wa pili vilevile. Baba, mtu wa reli, asiyerudia neno, akasema akianguka tena shule basi, anarudi kuchunga ng'ombe wa watu.

Mwaka huo, mimi na Okoth tukiwa darasa moja, tukapata Mwalimu Perpetua, mama mpole mwenye njia yake ya kufundisha. Akisema "add" anakutanisha viganja. "Take away," anafagia hewa kama anapangusa makombo mezani. "Share," anakatakata kwa ubavu wa kiganja kama anagawa mkate. Sisi tunaitikia kwa wimbo, na mikono yetu inacheza pia. Okoth akawa wa kwanza kujibu kila swali. Nyumbani mama akaanza kumwekea kipande kikubwa cha ugali. Hakuna aliyegundua kwamba alikuwa anasoma mikono tu, maneno yalimpita.

Siku ya mtihani mwalimu mkuu alisoma maswali mwenyewe, kila mmoja anajibu akiwa amesimama. Ilikuwa mvua ya Novemba, baridi, na mkuu alikuwa ametia mikono ndani ya mifuko ya koti. Okoth akasomewa swali lake. Akaitazama ile mifuko. Kule nyuma Mwalimu Perpetua akaanza kuinua kiganja.

"Mwalimu, shusha mkono," mkuu akasema, naye akaushusha.

"Mzee ameganda," mtu akanong'ona, darasa likacheka.

Okoth akamwuliza mkuu kwa Kiswahili, sauti ya chini, "Mwalimu, nipunguze au nigawe? Niambie hilo tu."

"Hapa tunajibu kwa Kiingereza. Keti. Umeanguka."

Leo nina mjukuu kule mtaa wa Tassia. Vitabu vyake vina picha za rangi, na wakikwama mwalimu wao huwaeleza kwa Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, lakini mjukuu wangu akifika kwenye swali la maneno matupu anatazama kando vilevile. Nakaa naye mezani, sina la kumsaidia.

Siku ile ya mtihani Okoth hakuketi. Alichukua sweta yake dirishani, akapita mbele ya mkuu, akavuka uwanja kwenye mvua, akatoka getini. Mama, aliyekuwa anateka maji pale mferejini, alimwona akipita, akamwita, hakugeuka. Kwetu hakurudi, na kwao hakufika.