Mashine Iliyokosa Zamu

Jina lake la kuzaliwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani, ofisini na ukweni anaitwa Bisibisi, kwa sababu mfuko wa shati lake haujawahi kukosa bisibisi ndogo ya mpini mwekundu, hata siku za mazishi. Kazi inayomlisha ni ukarani wa masjala: anapokea mafaili, anayaandika kwenye daftari, anayarudisha kwenye rafu. Kompyuta hakuzisomea popote. Miaka kumi na miwili iliyopita ya kwake iligoma kuwaka, akaifungua kwa kisu cha mezani, akaona waya umechomoka, akaurudisha, ikawaka. Furaha aliyoipata siku ile ndiyo iliyomponza.

Maana ukishajulikana kwamba unajua, umekwisha. Jumamosi ya Bisibisi si ya Bisibisi. Simu huanza kabla hajamaliza kupiga mswaki, na kila mpigaji ana maneno yale yale: "Ni dakika mbili tu." Hizo dakika mbili hajawahi kukutana nazo. Shangazi yake anaweka kompyuta jikoni, juu ya friji, na mende wamehamia humo na wajukuu wao. Bisibisi anapowatoa kwa brashi, shangazi husimama mlangoni mikono kiunoni na kusema, "Hao si wangu, wamekuja na wewe." Mwalimu mkuu mstaafu wa nyumba ya pili husahau neno lake la siri kila mwisho wa mwezi, na akikumbushwa hukasirika kama aliyetukanwa. Na wote, wakubwa kwa wadogo, ukiwauliza kilichotokea wana jibu moja: "Sikugusa chochote." Kwa miaka kumi na miwili Bisibisi anatengeneza mashine ambazo hakuna aliyezigusa.

Akithubutu kulalamika huambiwa, "Lakini wewe si unapenda?" Ni kweli. Anapenda. Au niseme alipenda, kwa sababu siku hizi akisikia tu mtu anaanza na "samahani, ile kompyuta yangu," mabega yake hushuka yenyewe. Amechoka, na uchovu wake si ule wa kuponywa na usingizi. Ila kukataa hawezi. Mwambie mara moja kwamba bila yeye ungeaibika, na atakufuata hadi kwako akiwa hajanywa chai.

Jambo moja la masjala amelileta nyumbani, nalo ni utaratibu. Kwenye korido ana rafu ya mbao, na kila mashine inayoingia hubandikwa kipande cha utepe wa karatasi chenye mistari mitatu: mwenye kifaa, tatizo, tarehe. Mashine hutengenezwa kwa zamu, ya kwanza kuja ndiyo ya kwanza kufunguliwa. Kuna waliojaribu kupenya kwa kujipendekeza, wakajibiwa ile kauli yake ambayo mtaa mzima unaijua: "Asiye na lebo hana zamu."

Sasa nyumbani humo humo kulikuwa na mashine isiyokaa kwenye rafu. Ilikuwa laptopu ya mkewe. Mkewe ni muuguzi wa wodi ya wazazi, na kwa miaka miwili amekuwa akisoma stashahada baada ya kazi, mezani pa kulia chakula, vyombo vikishaondolewa. Kilichobaki kilikuwa ripoti ya utafiti: kwa nini wajawazito huchelewa kuanza kliniki. Aliwahoji wanawake sitini, mmoja mmoja, kwenye benchi la kungojea. Ripoti ilitakiwa chuoni Jumatatu kabla ya saa sita mchana. Mwaka uliotangulia aliahirisha kwa sababu ya msiba wa mama yake, na chuo kilimwandikia wazi kwamba hakuna kuahirisha mara ya pili. Akiikosa Jumatatu hiyo, miaka yote miwili imekwenda na maji.

Laptopu hiyo ilikuwa ikilia. Alimwambia mumewe, mumewe akasema ni feni, ina vumbi, nitaiangalia. Akamwambia tena, akaambiwa kesho. Mara ya tatu Bisibisi alikuwa ameinamia mashine ya mtu, skrubu ndogo mdomoni, akamtania bila kuinua kichwa: "Mama, asiye na lebo hana zamu." Mkewe hakucheka. Tangu siku hiyo hakumwambia tena, na yule bwana akadhani feni imepona.

Kuna na lingine, ambalo mkewe hakuambiwa. Miezi minne nyuma kaka wa mkewe alikuja na kompyuta iendayo polepole kama kobe, naye wiki hiyo alikuwa na ugeni wa wakubwa ofisini. Ilihitaji diski mpya ya kuhifadhia kazi, na nzuri haikupatikana dukani. Shemeji alikaa pale sebuleni akimsifia Bisibisi, anamwita mkombozi wa ukoo, mpaka Bisibisi akayeyuka. Mkewe akiwa zamu ya usiku, Bisibisi alifungua laptopu ya mkewe, akatoa diski mpya yenye kasi, akamwekea shemeji. Kwa mkewe akaweka diski kuukuu iliyokuwa kwenye kopo la biskuti, akahamishia kila kitu, picha kwa picha, ili asijue. Ni wiki moja tu, alijiambia. Mtu mwingine angeiba soda ajinywee. Fundi wa kupenda huiba kiungo cha mashine ya nyumbani kwake kumpa wa nje, na kifuani anajiona mwema.

Jumamosi kabla ya Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, Bisibisi alikuwa chini ya meza ya mwalimu mkuu mstaafu. Printa ilikuwa haitoi. Ilikuwa haitoi kwa sababu haikuchomekwa ukutani, na mwalimu mkuu alikuwa akieleza kwa sauti ya darasani kwamba yeye hakugusa chochote. Simu ikaita. Alikuwa mkewe.

"Baba watoto, mashine imezima."

"Umegusa nini?"

Maneno yalimtoka kwa mazoea, kama yanavyomtoka kwa watu wote.

"Nimegusa herufi," mkewe akasema. "Nilikuwa naandika."

Alitoka chini ya meza akijigonga kisogo. Mwalimu mkuu alimwita mara mbili, kulikuwa na jambo dogo jingine, la dakika mbili, lakini Bisibisi alikuwa ameshafika barabarani na kiatu kimoja hakijafungwa.

Alimkuta mkewe amekaa mezani, mikono mapajani, kwa namna wanavyokaa ndugu wa mgonjwa nje ya chumba cha upasuaji. Kando yake lilikuwepo boksi la karatasi zake za mahojiano. Bisibisi alitandika taulo, akachomoa bisibisi mfukoni, akaigeuza laptopu chali ili afungue skrubu. Hapo mkono wake ukasimama.

Chini ya mashine kulikuwa na lebo. Utepe wake mwenyewe, ukingo umeanza kukunjika, mwandiko wa muuguzi aliyezoea kuandika ili mwenzake wa zamu asikosee dawa. Mwenye kifaa: mke wako. Tatizo: inalia tk, tk, tk ikipata joto, si feni, nimesikiliza. Tarehe: ilikuwa ya miezi mitatu nyuma.

Bisibisi aliisoma mara mbili. Uso ulimwaka. Fundi wa miezi miwili angejua maana ya mlio ule, hata kwa simu, hata akiwa usingizini: ni diski inayokufa. Na diski ile aliiweka kwa mkono wake. Yeye, anayewahubiria watu kila siku waweke nakala ya kazi zao pembeni, nyumbani kwake hakuwa na hata moja. Wazee walisema mganga hajigangi. Huyu hakujiganga yeye wala mkewe.

Aliitoa diski, akaiacha ipoe kwenye sakafu, akaiunganisha na mashine moja ya rafuni. Ikalia tk. Ikanyamaza. Ikalia tena, kisha majalada yakajitokeza kwenye kioo. Akaanza kunakili haraka, jasho likimtiririka. Picha za watoto zilipita. Sura ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Ya tatu, yenye majibu ya wale wanawake sitini, ilifika nusu ya mstari wa kunakili na kusimama. Diski ikalia tk, tk, tk, kisha haikulia tena.

"Imetoka?" mkewe akauliza.

"Sura mbili."

"Na majibu?"

Alitikisa kichwa. Simu yake ikaita juu ya meza, na kwa kuwa mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika diski kama mtu aliyeshika yai lililopasuka, mkewe ndiye aliyeipokea na kuiweka kwenye spika. Alikuwa kaka yake.

"Shemeji! Nimepiga kukushukuru tu. Ile mashine uliyonitengenezea inakwenda kama mshale. Ofisini wananiuliza umeweka nini humo ndani, nawaambia muulizeni fundi wangu."

Shemeji akaita halo, halo, akasema mtandao mbovu, akakata.

Mkewe aliangalia diski kuukuu mkononi mwa mumewe. Anampikia mtu huyu na kumfulia nguo kwa miaka kumi na minne, haikumchukua muda kuelewa.

"Diski yangu iko wapi?"

"Kwa kaka yako."

"Tangu lini?"

"Mwezi ule wa wageni wake. Nilisema wiki moja tu, mama. Nilitaka..." Alitafuta alichokuwa akitaka, akaona hakisemeki mbele ya mtu.

Alingoja apigiwe kelele. Kelele zingemsaidia. Mkewe aliegemeza viganja mezani, akainuka taratibu, na Bisibisi akaona jinsi miguu yake ilivyovimba kwa zamu ya usiku. Hakuwa ameiona jana, wala juzi. Macho ya kuona kutu kwenye nyaya za watu anayo, na miguu ya mkewe ilikuwa imempita. Alijisikia vibaya kuliko alivyowahi kujisikia tangu aoe.

"Nenda kailete," mkewe akasema.

Alikwenda. Shemeji alishangaa, akataka kujua kulikoni, akaanza kusema Jumatatu na yeye ana barua za kuandika. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili Bisibisi alisema neno ambalo kila fundi wa kupenda anapaswa kufundishwa kabla ya kupewa bisibisi. "Hapana," alisema, akaichukua mashine, akaondoka. Shemeji alibaki mlangoni na chaja mkononi, ikabidi amfuate nayo hadi getini.

Ilipofika saa nane mchana meza ilikuwa tayari, na zile sura mbili zilizookoka zilikuwa zimeshahamishiwa kwenye mashine ya shemeji. Mkewe alibandua ile lebo chini ya laptopu iliyokufa, akaibandika juu ya mashine ya kaka yake, akaipapasa kwa kidole gumba ishike.

"Zamu yangu," akasema. "Nitasoma, wewe andika. Macho yangu yamekwisha."

Bisibisi akakaa. Wengi hawajui, na yeye hapendi wajue, kwamba huyu fundi wa mtaa mzima anaandika kwa vidole viwili, akizitafuta herufi kama mtu anayetafuta shilingi mchangani. Ndani ya kompyuta anapafahamu hadi gizani. Nje hajawahi kukaa muda mrefu. Wanawake sitini walikuwa kwenye boksi, na Jumatatu saa sita ilikuwa pale pale ilipo. Walianza.

Simu iliita. Aliitazama. Ilikuwa ya shangazi, bila shaka mende wamerudi. Aliizima, akaitia kwenye kopo la biskuti.

"Wa kwanza," mkewe akasoma. "Miaka thelathini na moja. Alianza kliniki mwezi wa sita wa mimba. Sababu: mbali." Alingoja vidole viwili vifike. "Wa pili. Miaka ishirini na nne. Mwezi wa saba. Sababu: hakujua." Sauti yake ilikuwa ya kazini, haina joto wala baridi. Wa tatu, wa nne, wa tano. Mgongo wa Bisibisi ulianza kuuma, hakuthubutu kujinyoosha.

"Wa sita. Miaka kumi na tisa. Mwezi wa nane. Sababu." Mkewe aliisogeza karatasi karibu na macho, ingawa mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. "Sababu: nilimwambia mume wangu mara tatu anipeleke. Kila mara alisema kesho. Ni mtu mwema sana, ana shughuli nyingi za watu."

Bisibisi aliinamia kibodi. Ilimchukua muda mrefu. Mkewe hakumharakisha.

"Umeandika?"

"Nimeandika."

"Nisomee."

Akamsomea, neno kwa neno, hadi mwisho. Mkewe alitikisa kichwa kukubali, akaiweka karatasi kifudifudi juu ya zile tano, akachukua ya saba.